Ratiba ya Ohio State Msimu wa 2025: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msimu unaanza lini, na wapinzani ni akina nani?

Majibu haya yaliandikwa Agosti 2025, kabla msimu haujaanza. Ohio State, mabingwa watetezi wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, watashuka dimbani kwa mara ya kwanza Jumamosi ya tarehe 30 Agosti 2025, nyumbani Columbus, dhidi ya Texas. Tarehe 6 Septemba watawapokea Grambling State, na tarehe 13 Septemba watacheza na Ohio University. Kisha watapumzika wiki moja kabla ya kusafiri hadi Seattle kukutana na Washington tarehe 27 Septemba. Oktoba itafunguliwa na Minnesota nyumbani tarehe 4, ikifuatiwa na safari mbili mfululizo, Illinois tarehe 11 na Wisconsin tarehe 18. Baada ya mapumziko ya pili watacheza na Penn State nyumbani tarehe 1 Novemba, Purdue ugenini tarehe 8, UCLA nyumbani tarehe 15, Rutgers nyumbani tarehe 22, na hatimaye watani wa jadi, Michigan, kule Ann Arbor tarehe 29 Novemba. Mechi saba zitachezwa nyumbani na tano ugenini. Tatu za mwanzo ziko nje ya ligi, na tisa zilizobaki ni za ligi ya Big Ten, ambayo sasa ina vyuo 18.

Je, ratiba hii ni ngumu au ni nyepesi?

Anayehesabu majina makubwa atasema ni ngumu. Katika orodha ya kwanza ya timu bora ya shirika la habari la AP, iliyotolewa Agosti 2025, Texas wamewekwa nafasi ya kwanza, Penn State nafasi ya pili, Ohio State wenyewe nafasi ya tatu, Illinois nafasi ya 12 na Michigan nafasi ya 14. Ni mara chache timu moja kupangiwa timu zote mbili zilizo juu yake katika orodha hiyo, na zote mbili zije kwake.

Hata hivyo, kwa maoni yangu ugumu wa ratiba haupimwi kwa majina tu bali kwa mpangilio wake: mechi kubwa inakuja timu ikiwa katika hali gani, inafuata safari au mapumziko, na ikipotea, umebaki muda gani wa kurekebisha. Tukiitazama hivyo, ratiba hii ina nguzo tatu, yaani siku ya kwanza, siku ya kwanza ya Novemba na siku ya mwisho, na kati ya nguzo hizo kuna nafasi ya kutosha ya kupumua. Wapangaji wangeweza kutufanyia vibaya zaidi. Linalotia wasiwasi ni kwamba mtihani mgumu kuliko yote ya Columbus umewekwa siku ambayo kikosi kitakuwa hakijazoeana hata kidogo.

Kwa nini mabingwa watetezi hawakupewa nafasi ya kwanza?

Kwa sababu kikosi kilichotwaa taji tarehe 20 Januari 2025 mjini Atlanta, kwa kuwashinda Notre Dame pointi 34 kwa 23, kimeondoka kwa sehemu kubwa. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa, mwezi Aprili, wachezaji 14 wa Ohio State walichaguliwa, idadi inayolingana na rekodi ya chuo hicho. Wameondoka kwotabeki (mwongozaji wa mashambulizi uwanjani) Will Howard, wakimbiaji wawili TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins, mpokeaji Emeka Egbuka, na wote wanne walioanza katika mstari wa mbele wa ulinzi: Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Tyleik Williams na Ty Hamilton. Hasara ya namna hiyo huumiza zaidi katika mistari ya mbele kuliko mahali pengine, kwa kuwa pale ndipo nguvu ya mwili iliyojengwa kwa miaka mitatu au minne inapohitajika, na haipatikani kwa kipaji peke yake.

Benchi la ufundi nalo limebadilika. Jim Knowles, aliyeongoza safu ya ulinzi, amehamia Penn State, na nafasi yake imechukuliwa na Matt Patricia, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa Detroit Lions. Chip Kelly, aliyepanga mashambulizi, amekwenda Las Vegas Raiders, na Brian Hartline amepandishwa kushika kazi hiyo. Ryan Day amebaki kuwa kocha mkuu, akiwa na ushindi 70 na vipigo 10 tangu alipoanza kuiongoza timu hii.

Nani amebaki wa kutegemewa?

Wamebaki wawili ambao timu yoyote nchini ingewataka. Jeremiah Smith, mpokeaji aliyedaka mipira 76 kwa yadi 1,315 na tachidauni 15 (yaani kuufikisha mpira eneo la kufungia) katika mwaka wake wa kwanza chuoni, bado yupo, na Caleb Downs, mlinzi wa nyuma aliyetoka Alabama, ndiye anayesoma mchezo na kuwapanga wenzake kabla mpira haujachezwa. Ongeza Carnell Tate upande wa wapokeaji na Sonny Styles katikati ya ulinzi, na utaona kwamba nyumba haikubaki tupu.

Kwotabeki ni Julian Sayin, kijana wa Carlsbad, California, aliyetajwa kuwa mwanzishaji tarehe 18 Agosti baada ya kushindana na Lincoln Kienholz. Kwa msomaji mgeni wa mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua, kwa sekunde mbili au tatu, aupeleke wapi. Sayin ana mkono mwepesi na sahihi, lakini hajawahi kuanza mechi hata moja ya chuo kikuu. Mechi yake ya kwanza ndiyo hiyo ya Texas.

Mechi ya Texas ina uzito gani hasa?

Ina uzito mkubwa kwa heshima, na uzito wa wastani kwa hesabu za ubingwa. Ni vizuri kuyatenganisha mambo haya mawili.

Texas hawajawahi kuanza msimu wakiwa wa kwanza katika orodha ya AP, na mwaka huu wameanza hivyo wakiongozwa na Arch Manning, mjukuu wa Archie na mpwa wa Peyton na Eli, majina yanayojulikana na kila anayefuatilia futiboli. Wana kisa cha kulipiza pia. Tarehe 10 Januari 2025, katika nusu fainali iliyochezwa Texas, karibu na Dallas, walikuwa nyuma pointi 21 kwa 14 zikiwa zimebaki dakika chache, na walikuwa wamefika yadi moja tu kutoka eneo la kufungia. Wakarudishwa nyuma yadi kadhaa, na katika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, Jack Sawyer akamfikia kwotabeki Quinn Ewers, akaupiga mpira ukamtoka mkononi, akauokota mwenyewe na kukimbia nao yadi 83 hadi upande wa pili. Matokeo yakawa 28 kwa 14. Hakuna mchezaji wa Texas aliyekuwapo siku ile ambaye atakuja Columbus akiwa amelisahau jambo hilo.

Historia inatoa matumaini na tahadhari kwa pamoja. Ohio State hawajapoteza mechi ya ufunguzi wa msimu tangu 1999. Lakini mwaka 2005 Texas walikuja uwanja huuhuu wakashinda 25 kwa 22, na msimu huo wakatwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 2021, C. J. Stroud alipokuwa kwotabeki mpya, Oregon walikuja Columbus katika wiki ya pili wakashinda 35 kwa 28, ingawa Stroud alirusha mipira ya yadi 484 siku hiyo. Huo ndio mfano ninaoukumbuka zaidi ninapolifikiria pambano hili: kijana alicheza vizuri, na bado timu ilishindwa kwa sababu ulinzi mpya haukuwa umejua kujipanga.

Kiufundi, tazameni jinsi Ohio State watakavyomlinda Sayin dhidi ya Colin Simmons, mkimbizaji wa pembeni wa Texas ambaye ni hatari kwelikweli, na jinsi mstari mpya wa ulinzi wa Patricia utakavyokabiliana na mstari wa ushambuliaji wa Texas, ambao nao umepoteza wengi. Manning naye hajazoea kelele za zaidi ya watu laki moja wasiomtakia mema. Naiona kuwa mechi ya pointi chache.

Kwa nini Grambling State na Ohio University wamo kwenye ratiba?

Mechi za namna hii huipa timu kubwa nafasi ya kuwapumzisha nyota wake na kuwapa muda vijana, na huipa timu ndogo malipo mazuri ya kusafiri. Grambling, hata hivyo, si jina dogo. Ni chuo cha Louisiana chenye historia ndefu ya kuwasomesha Wamarekani Weusi, na ndicho alichokifundishia Eddie Robinson hadi akafikisha ushindi 408. Bendi yake inasifika kote nchini, na kwa kuwa bendi ya Ohio State nayo ni fahari ya mji, nawashauri wenye tiketi wasiondoke kwenye viti wakati wa mapumziko.

Ohio University wanatoka Athens, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Columbus, na ni mabingwa wa ligi yao ya MAC kwa mwaka 2024. Ohio State hawajafungwa na chuo kingine cha jimbo la Ohio tangu 1921, walipolala kwa Oberlin 7 kwa 6. Sitarajii historia hiyo kuvunjwa mwaka huu.

Safari ya Seattle ni ya kuogopwa?

Ni ya kuheshimiwa. Washington hawajafungwa katika uwanja wao wa Husky Stadium tangu 2021, na hilo ni pamoja na mwaka 2024, ambao kwa ujumla haukuwa mzuri kwao. Safari kutoka Columbus inavuka karibu nchi nzima, kwa tofauti ya saa tatu, na itakuwa mara ya kwanza Sayin kucheza ugenini. Kwotabeki wa Washington, Demond Williams Jr., ana miguu myepesi, na wachezaji wa aina yake ndio huusumbua ulinzi ambao haujakomaa. Kinachonituliza ni wiki ya mapumziko iliyowekwa kabla ya safari hiyo. Bila mapumziko hayo ningeiweka mechi hii katika kundi moja na nguzo tatu nilizozitaja.

Je, Illinois ni wapinzani wa kweli, au wamepambwa na msimu mmoja?

Ni wa kweli. Chini ya kocha Bret Bielema walishinda mechi 10 mwaka 2024 na kuumaliza msimu kwa kuwafunga South Carolina, na kwotabeki wao Luke Altmyer amerudi pamoja na wengi wa wenzake. Katika zama hizi ambazo wachezaji huhama chuo kila mwaka, timu iliyobaki pamoja ni hazina. Nikiulizwa ni mechi ipi mashabiki wetu wanaidharau isivyostahili, jibu langu ni hii ya Champaign tarehe 11 Oktoba.

Timu hizi hazijakutana tangu 2017, na kwa hiyo kizazi kizima cha wanafunzi hakijaliona kombe lao, Illibuck. Ni kobe wa mbao, na mgongoni mwake huandikwa matokeo ya mechi zilizopita. Kombe hilo lilianza kugombaniwa mwaka 1925 likiwa kobe hai, aliyechaguliwa kwa sababu kobe huishi miaka mingi, ingawa yule wa kwanza hakudumu kama walivyotarajia. Linabaki kwa Ohio State kwa sasa, na ningependa liendelee kubaki.

Na Minnesota na Wisconsin?

Minnesota wa P. J. Fleck ni timu ya nidhamu inayocheza taratibu na kuifupisha mechi, lakini wanakuja Columbus na sioni wakipata pointi za kutosha. Wisconsin ni habari tofauti kidogo. Kocha wao Luke Fickell alichezea Ohio State na akaiongoza timu hii kwa muda mwaka 2011, na uwanja wa Camp Randall huwa mgumu kwa yeyote. Lakini mwaka 2024 walimaliza kwa ushindi tano na vipigo saba, na kukosa mechi ya baada ya msimu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 22. Hatari iliyopo ni uchovu tu, kwa kuwa ni safari ya pili mfululizo.

Kwa nini Penn State wanaangaliwa kwa jicho la pekee?

Kwanza, kwa sababu ya njaa yao. Tangu walipotushinda 24 kwa 21 mwaka 2016, wamepoteza mara nane mfululizo dhidi ya Ohio State, mara nyingi kwa tofauti ndogo. Mwaka jana, nyumbani kwao, ilikuwa 20 kwa 13. Kocha James Franklin amejenga kikosi cha wakongwe waliokataa kwenda NFL ili wajaribu tena, akiwamo kwotabeki Drew Allar, ambaye ni mzaliwa wa Ohio, kutoka Medina.

Pili, kwa sababu ya Knowles. Mtu aliyejenga ulinzi uliotupa taji la Januari anarudi Columbus akiwa upande wa pili, akiwajua Smith, Tate na Downs kwa udhaifu na ubora wao, kwa kuwa aliwatazama mazoezini kila siku. Wapo wanaosema ujuzi huo utakuwa umechakaa ifikapo Novemba. Sikubaliani nao kabisa. Mipango hubadilika, lakini tabia za mchezaji, mahali anapotazama kabla ya kukimbia na namna anavyosimama anapojua mpira haumjii, hazibadiliki kwa miezi tisa. Timu zote mbili zitakuwa zimepumzika wiki moja kabla, kwa hiyo hakuna atakayekuwa na kisingizio cha uchovu. Kufikia hapo Sayin atakuwa ameanza mechi saba, na hilo ndilo linalonifanya nipendelee kukutana na Penn State wakati huo kuliko Agosti.

Je, kuna mtego kati ya Penn State na Michigan?

Purdue walishinda mechi moja tu mwaka 2024 na wana kocha mpya, Barry Odom; hata hivyo, mwenye kumbukumbu ya mwaka 2018, pale West Lafayette ilipoisha 49 kwa 20 dhidi yetu, hatacheka mapema. UCLA wanaletwa na Nico Iamaleava, kwotabeki aliyekuja hapa Desemba akiwa na Tennessee na kufungwa 42 kwa 17 katika baridi kali. Rutgers hawajawahi kuifunga Ohio State. Mechi hizi tatu zinapaswa kutumika kuwaponya majeruhi.

Kwa nini Michigan inazungumzwa hata kabla msimu haujaanza?

Kwa sababu mashabiki wa Columbus wanaishi na kidonda ambacho hata taji la taifa halijakiponya. Michigan wameshinda mara nne mfululizo: 42 kwa 27 mwaka 2021, 45 kwa 23 mwaka 2022, 30 kwa 24 mwaka 2023, na 13 kwa 10 mwaka 2024. Ya mwisho ndiyo iliyouma kupita zote. Ilichezwa nyumbani, dhidi ya Michigan dhaifu waliokuwa wamepoteza mechi tano, na Ohio State wakasisitiza kupenya katikati palepale ambapo Michigan walikuwa na nguvu, huku wapokeaji bora nchini wakisubiri pembeni. Mateke mawili ya pointi tatu yalikosa. Kipigo hicho kiliwanyima nafasi ya kucheza fainali ya Big Ten, taji ambalo Ohio State hawajalitwaa tangu 2020.

Day ameshinda mechi moja tu kati ya tano alizocheza na Michigan akiwa kocha mkuu, na ile moja, ya 56 kwa 27 mwaka 2019, ilichezwa kulekule Ann Arbor. Wiki ya mechi hii, hapa chuoni kila herufi M kwenye mabango hufunikwa kwa utepe mwekundu, na anayedhani ni mchezo wa watoto hajaishi Columbus mwishoni mwa Novemba. Michigan wanatarajiwa kuongozwa na Bryce Underwood, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Belleville, Michigan, ambaye kufikia siku hiyo atakuwa amekwisha kuzoea. Tofauti ya vipaji bado iko upande wetu. Ninachokitaka kukiona ni ujasiri wa kuutupa mpira mapema, katika robo ya kwanza, badala ya kujaribu kuthibitisha ubabe mahali ambapo mpinzani anautaka uthibitishwe.

Timu inaweza kupoteza mechi ngapi na bado ikaingia hatua ya mtoano?

Mwaka jana Ohio State walipoteza mbili, dhidi ya Oregon na Michigan, wakaingia wakiwa nafasi ya nane kati ya timu 12, na wakatwaa taji. Utaratibu wa timu 12 unaendelea, lakini kuna badiliko: nafasi nne za kupumzika raundi ya kwanza sasa zinakwenda kwa timu nne za juu katika orodha, hata kama si mabingwa wa ligi zao. Kwa ratiba hii, ushindi 10 na vipigo viwili utatosha, isipokuwa vipigo hivyo vitoke mahali pa aibu. Ndiyo maana nasema kupoteza kwa Texas tarehe 30 Agosti ni kipigo cha bei nafuu kuliko vyote: kiko nje ya ligi, kinatoka kwa timu ya kwanza nchini, na kimebakiwa na mechi 11 za kurekebisha. Kupoteza Ann Arbor hakuna marekebisho ndani ya msimu wa kawaida, na kunaweza tena kufunga mlango wa fainali ya Big Ten ya tarehe 6 Desemba mjini Indianapolis.

Oregon wako wapi?

Hawamo, wala Indiana hawamo. Timu 18 haziwezi kukutana zote ndani ya mechi tisa, na kuwakosa Oregon ni nafuu kubwa. Tukikutana nao, itakuwa Desemba au baadaye.

Ndugu zetu Afrika Mashariki watazame saa ngapi?

Mechi ya Texas imepangwa saa sita mchana kwa saa za Columbus, ambayo ni saa moja usiku Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, saa kumi na mbili jioni Bukavu, Kigali na Bujumbura, na saa mbili usiku Muscat. Mechi ya Michigan kwa desturi huanza saa sita mchana pia, lakini kwa kuwa Marekani hurudisha saa nyuma tarehe 2 Novemba, Afrika Mashariki itakuwa saa mbili usiku. Mechi inayoanza hapa saa moja na nusu usiku Oktoba itawakuta saa nane na nusu usiku. Tengeni kama saa tatu na nusu kwa mechi moja.

Utabiri ni upi?

Ushindi 11 na kipigo kimoja. Ninaipenda timu hii kwa dhati, lakini naona Texas wakishinda kwa pointi chache siku ya kwanza, kwa sababu kwotabeki mpya na mstari mpya wa ulinzi ni mzigo mkubwa kubebwa kwa pamoja Agosti. Illinois tutawashinda kwa taabu, Penn State kwa pointi zisizozidi saba, na Michigan, safari hii, tutawashinda kwao.